Siku ya Tatu

Saa tisa usiku, Makadara.
Feni ya maabara yazunguka kwa kulalamika,
na mbele yangu vioo viwili vyembamba
vimekauka, vimepakwa rangi ya zambarau.
Kimoja damu yangu, mtu wa miaka arobaini na mitatu.
Kimoja damu ya binti yangu,
mtu wa siku tatu,
hajapewa jina.

Wamemchoma kisiginoni.
Alilia kidogo, kama mlango unaotaka mafuta.
Joto thelathini na nane na nusu.
Mishi, mamake, hakuniuliza kitu,
alinitazama mikono tu,
kana kwamba mikono hii inayopima damu za watu
leo ndiyo itakayotoa hukumu.

Naanza na yangu.
Chembe hizi nazijua, ni makarani wa Kilindini,
miaka na miaka wamekalia rejista:
surua ya mwaka ule tuliohamia Majengo,
tetekuwanga iliyoninyima mtihani,
malaria, malaria, malaria tena,
mafua ya kila vuli.
Akija mgeni hupekua kurasa:
"Wewe tunakujua. Babako pia tulimjua."
Asiyekuwamo kitabuni hupangwa foleni
siku nne, siku tano, hadi muhuri upatikane,
nami niko kitandani natoka jasho.

Zake?
Darubini haisemi. Duara ni duara.
Lakini chuoni nilifunzwa, nikaandika, nikapiga mstari:
za mtoto mchanga ni dhaifu, ni nzito kuamka.
Miaka ishirini nimeyabeba maneno hayo
na usiku huu yamenikaa kooni kama mwiba wa tafi.

Mwakio, mwenzangu wa zamu,
husoma majarida mapya hata akila mahamri.
Alisema, zilikaa ugenini miezi tisa,
nyumba ya mwenyewe, damu ya mwenyewe,
zikafunzwa adabu: usipige kelele,
usimpige mwenye nyumba.
Ukimya wao ni malezi.
Halafu, na hapa akaweka kikombe chini,
hazina kitabu, basi haziulizi jina.
Ni vijana wa Kongowea lori likifunga breki:
hawajui ni viazi au ni vitunguu,
wamesharukia.
Za mtu mzima zitakumbuka.
Za mtoto zitakimbia,
nyingi zisahau,
kesho zikimbie upya.

Mama yangu yuko chini, kazuiwa mlangoni na mvuje wake.
Kaufunga kitambaa cheusi, kauficha ndani ya buibui,
harufu imemsaliti kwa mlinzi.
Simlaumu. Kila mtu na kinga yake.
Mishi ameshapitisha zake kwenye kitovu,
zile za surua, zile za pepopunda za sindano za kliniki,
askari wa kuazima, baada ya miezi watakwisha.
Na dang'a, ile ya manjano
ambayo shangazi alitaka ikamuliwe imwagwe,
Mishi akamjibu, "Thubutu!"

Nahesabu. Kidole kwenye kitufe, tiki, tiki.
Ziko. Zimezidi.
Nyingine changa mno, viini vyao vimepinda
kama kipande cha ukucha uliokatwa,
zimetoka kwenye uboho kabla ya wakati wao.
Nani kazituma?
Mwenyewe hata shingo hajui kuigeuza.

Naandika idadi kwa kalamu inayokwama.
Penye jina: Mtoto wa Mishi.
Mgeni siku mbili, walisema,
ya tatu mpe jembe.
Hakuna aliyempa. Kalishika.
Nami nashuka ngazi mbili mbili, karatasi mkononi,
nimwambie daktari aanze sindano sasa hivi,
asilime peke yake.